Mvua ya Vijiti

Tulikuwa wanne siku ile: mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho wa kike, na jirani yetu mzee tuliyemwita jaja, kama waitwavyo mababu na mabibi kwetu, ameketi kwenye mkeka. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee hawa wawili. Huyu wa mwisho alipougua surua, jaja ndiye aliyemlaza kwake mpaka akapona. Sasa mgonjwa ni yeye, hali chakula, anatamani kitu kimoja tu: kumbikumbi. Nilimwahidi beseni zima.

Nyuma ya nyumba, chini ya kilima cha Kibuli, karibu na kinamasi, palikuwa na kichuguu cha kumbikumbi wanaotoka mchana. Hawa hudanganywa: unamwaga maji kwenye matundu, unagonga vijiti juu ya ubao, nao wanadhani mvua imekuja. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu.

“Hiyo mvua, au mtu anabisha hodi?” jaja akamtania mdogo wangu. “Piga upesi.”

Akapiga upesi. Yule wa kike akaweka sikio kwenye udongo.

“Kuna kitu kinakwaruza.”

Vijiti vikanyamaza. Mkwaruzo nao ukanyamaza. Tukapiga tena, ukarudi, karibu zaidi.

Udongo ulioloa ukaporomoka. Kikatoka kichwa cheusi chenye madoa ya njano, ulimi wenye panda ukilamba hewa. Mtoto wa kenge. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Walipita kati ya miguu yetu bila sauti, wakashuka kinamasini. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuka.

Baadaye wakata mafunjo walinieleza kwamba kenge jike hutoboa kichuguu wakati wa mvua, hutaga, huenda zake. Mchwa huziba tundu wenyewe. Mayai hukaa kwenye joto lao miezi mingi, mpaka mvua nyingine ilainishe udongo. Watoto hutoka bila kumjua mama.

“Jaja, hawa nao wana nyama,” mdogo wangu akasema.

“Kawale wewe. Mimi Mwislamu.”

Mdogo wangu akachukua jembe avunje kichuguu, awafuate kumbikumbi ndani. Nikamshika mkono. Vijiti vilikuwa chini, lakini mle ndani bado kulikwaruza, na mkwaruzo huu ulikuwa mzito, wa kitu kikubwa kuliko watoto wale.

Jaja aliusikia. “Wacheni,” akasema, akataka nimwinue arudi ndani.

Kumbikumbi hawakutoka msimu ule, wala uliofuata. Jaja alianza kula tena polepole, kwanza uji. Nikipita mlangoni kwake huniuliza kama beseni liko njiani, nami namjibu, bado.