Kaka Yangu Alikufa Maji

Je, baba aliamini kweli kwamba kaka yangu yu hai, au aliona haya kukubali mbele ya watu kwamba mwanawe ameshindwa na maji? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefika umri aliokuwa nao yeye wakati ule, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba hasira yangu haijapoa.

Kaka alichukuliwa jeshini wakati wa Vita vya Pili. Pale kwetu, kaskazini ya Bagamoyo, alijua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa mno, bila kutazama mwezi, aliogelea hadi mwambani na kurudi akiimba, na aliwahi kupigana na wakata boriti kwa ajili ya mikoko ambamo korongo walikuwa wametaga. Barua zake kutoka Burma hazikutaja vita. Aliuliza kama mikandaa ya kule mikokoni imetoa maua. Akaeleza ndege wa huko, rangi zao na milio yao.

Kisha ikaja barua ya serikali: amekufa maji, akivuka mto.

Barazani kwetu watu walicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Huyo? Afe maji? Tena ya mto?" alisema jirani. "Mzee, wamechanganya majina hao. Aliyekufa ni mtu wa Ubena huko, hajapata kuona maji ila ya kisima!"

Baba alicheka kuliko wote. Nami nilicheka. Barua ikakunjwa. Hatukukaa matanga, hatukusoma hitima, na mke wa kaka, msichana wa miaka kumi na minane, hakukaa eda. Wazazi wake walipokuja kumwomba arudi kwao, baba aliwajibu kwamba mke wa mtu hatoki nyumbani kwa mumewe. Vita vikaisha, ikapita miaka miwili. Kila iliposemwa kwamba askari wameshuka Dar es Salaam, shemeji alizitoa kanzu za mumewe akazifua upya.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu alipofika, baada ya sala ya alasiri, mtu mmoja wa Lugoba aliyekuwa na kaka katika kikosi kimoja.

"Alimwambia yule afisa, bwana, maji haya yamegeuka rangi, mvua imenyesha huko juu, tungoje," alitusimulia. "Mzungu akamcheka: mtu wa pwani gani wewe, unaogopa kijito? Akamtanguliza yeye, na buti, na bunduki, na mzigo wa waya mgongoni. Tulimpata kesho yake. Nimemzika kwa mikono hii, mzee wangu."

Baba aliinuka.

"Mwanangu hafi maji," akasema, akaingia ndani.

Hapo ndipo hasira iliponishika. Afisa aliyemsukuma mtoni na baba aliyekataa kumzika walikuwa na hoja moja. Kaka aliyapenda maji, kwa hiyo aliyachunguza, kwa hiyo alijua wakati wa kuyaogopa. Sisi tuliomsifu hatukumjua hata kidogo.

Shemeji alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia.

"Shemeji," aliniuliza, "mimi ni nani sasa humu ndani?"

Nilimfuata baba chumbani nikamwambia kwamba kesho nitampeleka shemeji kwa kadhi.

"Ukitoka naye mlango huu," akasema, "usirudi."

Asubuhi yake tulitoka watatu: shemeji, yule mtu wa Lugoba na mimi niliyechukua barua. Kadhi aliisoma, akamwapisha shahidi, akauliza tena tarehe ya kifo, akahesabu kwa vidole.

"Mwanangu," alimwambia shemeji, "miezi minne na siku kumi ilikwisha zamani, nawe ukimngoja. Eda imepita. U huru tangu mwaka juzi."

Shemeji hakulia. Alinigeukia mimi, kwa kuwa baba hakuwapo.

"Basi mlikuwa mkinizuilia nini?"

Nikamsindikiza hadi kwa wazazi wake.