Jina Lililosubiri Mtandao

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Bariadi, upande ule ambao mji unakwisha na mashamba ya pamba yanaanza. Nyumba yangu iko nyuma ya kilima cha mawe, na hicho kilima kimenitesa kuliko mtu yeyote. Mtandao wa simu huku kwetu ni wa kuokoteza. Ukitaka kuongea, usimame karibu na choo, tena uelekee magharibi. Ukitaka kuona picha, nenda mjini. Ndiyo maana walipopita watu wa kampuni moja ndogo ya hapahapa mkoani, wamevaa fulana mpya zinazonukia duka, wakasema wanafunga intaneti ya nyumbani isiyotumia waya, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kukubali.

Walifunga dishi dogo jeupe kwenye bati, likaelekea mnara wao. Ndani wakaniwekea kiboksi chenye taa. Wakaniambia taa ikiwa ya kijani kula raha, ikiwa nyekundu tupigie. Na dishi usiliguse, mama, ukiligusa sisi hatumo. Nikasema sawa. Nilikuwa na shida yangu na sikutaka maneno mengi.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mama yangu nilikuwa nimemtoa kijijini Shishiyu, nakaa naye, maana miguu ilikuwa imekataa na macho yana ukungu. Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba, yuko Ulaya anafanya kazi, na mwaka huo mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kike. Jina la kwenye makaratasi walishampa, la hukohuko. Lakini kwetu mtoto lazima apate jina la nyumbani, na la huyu lilikuwa la Mama kulitoa, maana upande wetu bibi aliyebaki ni yeye tu. Sisi ni Wakatoliki, Mama na rozari yake haachani, ila kwenye hilo la jina hata padri alikuwa hamwingilii.

Jina alikuwa nalo tayari. Alinitangazia mwenyewe asubuhi moja, anakunywa uji, uso unang'aa: "Nimeshalijua." Nikamuuliza ni lipi. Akanitazama kama nimemwomba avue nguo sokoni.

"Nikutajie wewe? Wewe ndiye mtoto?"

"Nimpelekee baba yake kwa meseji, Mama. Wanasubiri."

"Jina halitumwi, mayu. Namtazama mtoto, namwita, anasikia kutoka kwangu. Nikilisema pembeni, likifika kwake ni makombo."

Ndio utaratibu, na mama yangu kwenye utaratibu hasogei hata nusu hatua. Simu ya mkononi haikufaa, kwa macho yale. Nilijaribu. Nilimpakia kwenye bajaji hadi mjini, nikamkalisha kwenye kiti cha duka la dawa, nikampigia mdogo wangu, nikamwekea simu mbele ya pua. Mama akakodoa macho, akasogeza kichwa nyuma, akakisogeza mbele. "Naona uji," akasema. Basi. Mwenye duka, Mungu ambariki, akasema ndani kwake kuna runinga kubwa, twende tuunganishe huko. Mama akamshukuru vizuri, wabeja, wabeja sana, halafu akanigeukia na kunong'ona kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia: "Jina la mtoto wetu nikalitoe nyumbani kwa watu?" Tukarudi na bajaji ileile.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyolipenda lile dishi. Nikaunganisha runinga yangu kubwa, ile niliyonunua kwa ajili ya kuwavuta wateja, na Jumapili ya kwanza baada ya misa nikamvisha Mama kitenge kizuri, nikamkalisha karibu kabisa na kioo. Taa ya kijani. Picha ikaja! Mdogo wangu huyo hapo, uso mpana kama sinia, na kifuani kafunga kitoto kidogo chenye nywele nyingi. Mama akapiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Sasa, asiyewajua Wasukuma wa umri wa mama yangu hawezi kujua kilichofuata. Salamu. Mama alimwamkia mwanawe "Mwadila," akaitikiwa, akaanza. Mhola ya nyumbani? Mkeo mhola? Wakwe mhola? Majirani je, wanakusalimu? Mvua imenyesha? Ng'ombe? Mdogo wangu hana ng'ombe, anakaa ghorofani, lakini akajibu kwa heshima kwamba ng'ombe wa huko hawajambo. Mama akauliza na nyasi. Halafu na yeye akaanza kuulizwa, na kila kitu akakijibu kwa urefu wake, mgonjwa wa Shishiyu hadi kapona, ndama hadi kasimama. Kwake huwezi kuingia kwenye jambo kubwa kama jina bila kupita hapo. Ni kama kuingia kwenye kaya ya mtu kwa kuruka uzio.

Alipomaliza, akajikohoza, akanyoosha kitenge, akasema, "Haya. Msogeze mtoto." Picha ikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka pale katikati ya paji la uso la mdogo wangu. Nikangoja. Mama naye akangoja, mikono mapajani. Taa ilikuwa nyekundu.

Jumapili iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Ule mtandao ulikuwa kama umepimiwa salamu za Mama, unakatika panapoanza maneno. Mdogo wangu alijaribu mara moja, kwa unyenyekevu wote: "Mama, leo tuanze na jina, salamu tutamalizia." Yesu na Maria! Mama alikisogelea kioo. Kisha akasema, "Nimekuzaa, halafu nisikusalimu? Wewe nani amekufundisha huko?" Mdogo wangu akaomba msamaha. Wakaanza upya, salamu, na kiduara kikaja.

Kampuni nilikuwa nawapigia. Anapokea dada mwenye sauti ya asali. "Pole sana mpendwa mteja, tatizo lako tumelipokea." Lilikuwa linapokelewa kila siku, sijui walikuwa wanaliweka wapi. Ukimuuliza fundi anakuja lini, yuko njiani. Fundi wao alikuwa mmoja kwa mkoa mzima na pikipiki yake. Leo yuko Kiloleli. Kesho Mwamanyili, dishi la shule limeanguka. Mnanigeuza mpira, mnanipiga danadana, nikamwambia, mimi ni mtu mzima! Akanijibu, "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, mama. Kuna kingine naweza kukusaidia?" Kingine! Nilikata simu nikautukana mkasi wangu, maana ndio uliokuwa mkononi.

Niseme ukweli, kelele zangu zote hazikusogeza kitu. Mimi huku mtaani naogopwa. Mteja asiyekuja kuchukua nguo yake namfuata hadi kilabuni. Lakini yule dada wa asali huwezi kumfuata popote, hujui amekaa wapi, na kesho anapokea mwingine asiyekujua kabisa, unaanza hadithi yako tangu mwanzo.

Mwishowe nikapata akili. Nikamshawishi Mama kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, kwamba salamu azitoe mapema kwa simu ya sauti tu, mimi nimshike mkono hadi pale pembeni ya choo kwenye mtandao wa simu, amsalimie mwanawe mpaka aridhike. Kisha tukiwasha runinga itakuwa ni siku hiyohiyo, wameshasalimiana, mlango umeshafunguliwa. Alilitafuna hilo wazo muda mrefu. Akasema, "Kwa siku moja, sawa." Nilitaka kucheza.

Tukapanga Jumapili. Alhamisi ukaja upepo, ule wa kabla ya mvua, unaobeba mabati na ndoo za watu. Uliponyamaza, taa ilikuwa nyekundu, na safari hii haikubadilika tena. Jumapili hakuna. Nikapiga: fundi yuko njiani. Jumatatu, njiani. Jirani akasema apande alisogeze dishi, nikakumbuka walivyosema ukiligusa hatumo, nikamkataza. Halafu Jumatano nikajifunga khanga kiunoni nikapanda mwenyewe. Nilifika juu, nikalishika, likatikisika. Nikatazama huku na huku. Mnara siuoni, kilima hiki hapa, mabati ya majirani yanang'aa chini, na mimi sijui hata niligeuzie wapi. Nikaogopa kuharibu kabisa. Nikashuka, Mama ananiuliza kutoka mlangoni, "Wamekuja?"

"Wako njiani," nikasema.

"Basi tungoje. Mimi siendi popote."

Siku mbili tatu baadaye, asubuhi, nilisikia kikombe kinaanguka. Nilimkuta ameegemea ukuta, upande mmoja wa uso umeshuka, na mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Nilimwita Mama, Mama. Alinitazama. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. 

Hospitalini tulikaa kitambo. Daktari alinieleza taratibu, ni kiharusi, mkono na mguu vitategemea mazoezi. Nikamuuliza kuhusu kuongea. Akasema kwa wengine maneno hurudi, kwa wengine hayarudi, yeye hawezi kuniahidi. Nikataka kumgombeza, kisha nikaona hata yeye amechoka. Mdogo wangu nilimweleza yote kwa simu, nimesimama kwenye uzio wa hospitali, analia huko na mimi nalia huku. Akasema anatafuta ruhusa kazini, lakini karatasi zake za ukaazi ziko uhamiaji zinashughulikiwa, akitoka sasa harudi. Nikamwambia baki, una mtoto.

Tulivyorudi nyumbani, fundi akaja. Hivyo tu, bila taarifa, katikati ya wiki, pikipiki imejaa vumbi. Mtu mpole, anasalimia vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia tangu siku ya upepo, na alipovua kofia nikamwonyesha tu dishi lilipo. Akapanda, akalisogeza dishi kidogo, kama unavyonyoosha picha ukutani, akakaza skrubu. Hakukaa juu hata muda wa maji kuchemka. "Upepo ulikuwa umelisukuma," akasema. "Sasa liko safi, mama." Nikampa maji ya kunywa. Ningefanya nini?

Na kweli lilikuwa safi. Jumapili ile picha ilikuja ya kung'aa, hadi vinyweleo vya kwenye sikio la mtoto unaviona. Nilikuwa nimemwegesha Mama kwa mito. Mdogo wangu alisema, "Mwadila, Mama," akamnyanyua tu mtoto, akamleta karibu mpaka akajaa kioo kizima. Kalikuwa kamekua. Kana meno mawili.

Mama alimtazama. Alitazama kwa muda mrefu, na mkono wake mzima ukaanza kusugua kitenge, ananyoosha. Halafu mdomo ukaanza kucheza.

"Anasema!" mdogo wangu akapiga kelele. "Dada, anasema, namwona! Sauti haiji! Angalia hicho kiboksi, dada, sauti haiji!"

Mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Mama. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na mate, na ulimi unaogonga.

"Mtandao ni mzima," nikamwambia.

"Sasa mbona simsikii? Mwambie arudie!"

"Mdogo wangu, mtandao ni mzima. Hata mimi niliye hapa simsikii."

Mama hakutujali, wala mimi wala yeye. Alikuwa na mjukuu wake. Aliendelea, taratibu, mdomo ule wa upande mmoja, jasho linamtoka, na mtoto naye ametulia anamkazia macho. Kisha akamaliza. Nilijua amemaliza kwa sababu alishusha pumzi, mabega yakalegea, na nusu ya uso wake ikatabasamu. Akageuza kichwa, kazi hiyo peke yake ilimchukua muda, akanitazama mimi. Alikuwa ananiuliza. Miaka yote nimekaa na yule mama, najua macho yake yakiuliza. Alitaka kujua kama nimelisikia.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, Mama. Akafumba macho, ameridhika.

Kwenye runinga mdogo wangu alikuwa ameniona nikiitikia. Alimshusha mtoto, akasogea hadi uso wake ukajaa kioo, machozi yanamtoka, anacheka.

"Umelisikia? Dada, amemwita nani?"