Tusomeeni Kwanza Mlichoandika

Pale mjini Ngiyehun, watu wakibishana na sauti moja ikazipanda nyingine zote, hiyo ni ya Baindu Saffa, mpika sabuni. Mumewe wa kwanza, siku anaondoka kwenda machimbo ya almasi, alisema anakwenda kupumzisha masikio. Baindu akamjibu kwamba kule machimboni kuna pampu za maji zinazopiga kelele kuliko yeye, na atajuta. Kama alijuta hatujui, maana hakurudi. Baindu aliendelea kuchoma maganda ya kakao, akachuja majivu, akayapika na mawese hadi yakawa sabuni nyeusi, akaifinyanga mipira na kuiuza hadi Kenema.

Mwaka wa Ebola, mama yake mzazi, Jebbeh, aliamka na homa. Gari la wagonjwa likaja. Walioshuka walikuwa wamevaa magwanda meupe mpaka machoni, na hakuna aliyesema wanampeleka wapi. Baindu alilikimbiza gari hadi darajani, akasimamishwa na askari. Aliporudi akakuta nyumba yake imezungushiwa kamba, naye akaambiwa aingie ndani asitoke. Akiwa humo ndani ndipo alipopigiwa kelele kutoka barabarani kwamba mama yake amefariki na ameshazikwa.

"Amezikwa wapi?" aliuliza.

Aliyeleta habari hakujua. Kamba ilipoondolewa, Baindu alikwenda hospitali, akaelekezwa ofisi nyingine, kisha makaburini. Huko vibao vingine vilikuwa vimeliwa na mchwa na vingine havikuwahi kuandikwa jina. Aliuliza mpaka walinzi wakamzoea. Kaburi hakulipata, na hajalipata hadi leo.

Siku hizohizo lori lilikuja Ngiyehun limejaa sabuni kutoka ng'ambo, ya bure, kila nyumba kasha lake. Mji ambao nusu ya wanawake wake ni wapika sabuni ukaletewa sabuni. Ya Baindu ilikaa ghalani mpaka ikapasuka.

Ugonjwa ulipokwisha wakaja watu wa tathmini. Walisema wanataka kujua kazi ya kupambana na ugonjwa ilikwendaje, wapi ilifaulu na wapi iliteleza, ili siku nyingine ifanywe vizuri zaidi. Baindu aliona ni jambo la maana. Aliketi nao, akawasimulia habari za mama yake, akalia, nao wakaandika. Wakaenda. Wakaja wengine wenye fulana za rangi nyingine, wakauliza maswali yaleyale, na swali lililorudi kuliko yote lilikuwa moja: kwa nini watu wa Ngiyehun walikataa kusaidiwa? Baindu akasimulia tena. Hakulia mara hii.

Kundi la tatu liliongozwa na Daktari Fatorma Lahai, mtu wa upande wa Kailahun, wa kabila letu la Wamende, mpole wa maneno. Watu walikusanyika barazani, naye akasimama, akasalimia vizuri.

"Mama zangu na baba zangu, tumekuja kujifunza kutoka kwenu."

Baindu alikuwa ameketi mbele. "Wa kwanza nao walikuja kujifunza," alisema. "Na wa pili. Wamefaulu mtihani?"

Watu wakacheka. Fatorma naye alitabasamu kidogo. "Sijui, mama."

"Wewe hujui, mimi sijui. Nani anajua? Nimesimulia kifo cha mama yangu mara mbili mbele ya watu wenye kalamu. Wakaandika, wakanywa maji yetu, wakapanda gari. Mimi leo sisemi neno. Tusomeeni kwanza walichoandika wenzenu. Na msitusomee Kiingereza, tusomeeni Kimende."

"Sina ripoti hizo hapa, mama."

"Gari lenu lina mafuta?"

"Linayo."

"Basi njia mnaijua."

Wasaidizi wake walijaribu kumwita mmoja mmoja pembeni. Kila waliyemuuliza alinyoosha kidole kwa jirani yake, na jirani akasema, "Muulizeni aliyeandika." Hata bibi kizee Yatta, anayejulikana kwa kusimulia bila kuombwa, alifunga mdomo akawa anatafuna mbegu za kola tu. Jioni ile gari liliondoka halina hata neno moja la Ngiyehun ndani yake.

Chifu, Pa Vandi Kpaka, alimfuata Baindu jikoni kwake kesho yake.

"Wewe mwanamke unataka kuniua," alisema, akijishusha kwenye kigoda. "Nimepigiwa simu na wakubwa. Wanasema tutaandikwa kuwa ni mji mkaidi."

"Kwani mpaka sasa tumeandikwaje, Pa?"

Chifu akasogeza kigoda mbali na moshi.

"Unajua?"

"Sijui."

"Ndicho ninachouliza hicho. Waandike ukaidi, lakini waje watusomee."

"Na wakitunyima misaada?"

"Misaada gani, Pa? Sabuni?"

Pa Vandi hakutaka kucheka, lakini alicheka, na kicheko kikamshinda akashika ubavu. Alipotulia alimwambia kwamba jambo likiharibika atasema hakuhusika. Baindu akasema aseme hivyo, ni haki yake.

Mvua zilikuja zikapita. Kila mtu alidhani habari imekwisha, na wapo waliomlaumu Baindu kwamba amewafukuzia wageni. Mke mwenzake wa zamani alimpigia mafumbo sokoni: eti wengine wamefiwa peke yao dunia nzima. Baindu alikata sabuni yake, akapima, akauza. Usiku alilala vibaya, lakini hilo hakumwambia mtu.

Kisha Fatorma akaja. Alikuja peke yake, amepakiwa kwenye pikipiki ya kukodi, na mkoba umefungwa kwa nailoni. Alikuwa amezunguka ofisi kadhaa kutafuta ripoti zile; kwenye mojawapo aliambiwa ni za wafadhili, si za wanavijiji. Akauliza kama wafadhili ndio waliougua. Hapo ndipo alipopewa.

Aliketi barazani akaanza kusoma, akitafsiri mwenyewe kwa Kimende, jasho likimtoka. Sehemu nyingine alikwama.

"Hapa wanasema jamii ilionyesha... nisemeje... ilikuwa ngumu kwa sababu ya kuamini mambo yasiyo ya kweli."

"Wajinga, maana yake," alisema Yatta.

"Neno hilo halipo, mama mkubwa."

"Neno halipo, lakini tumelisikia."

Alisoma kwamba ugawaji wa sabuni ulifanikiwa kikamilifu katika kila nyumba. Kicheko kilichotoka barazani kilimfanya aache kusoma mpaka kikatulia, na ilibidi aelezwe sababu. Akaiandika pembeni ya karatasi, shingo imeinama kwa haya.

Halafu akafika mahali palipoandikwa kwamba wagonjwa walifichwa, na kwamba maiti ya Momoh mfua vyuma ilioshwa kwa mikono mitupu, na walioiosha wakafa. Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Imamu Lansana Swaray.

"Hilo ni kweli," alisema imamu. "Tulimwosha sisi. Wenzangu wote wa siku ile tumewazika."

Baindu alitazama chini. Alikuwa amekuja tayari kukataa kila mstari, na huu haukukatalika. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyoizoea.

"Hilo liache lilivyo. Ni letu. Ila wameandika nusu. Ongeza kwamba tuliwaficha kwa sababu kila aliyechukuliwa hakurudi, wala hatukusikia kalala wapi. Ningejua gari linakwenda wapi, mama yangu ningempandisha kwa mikono yangu."

Walizungumza siku hiyo na iliyofuata, na watu wakamwambia Fatorma yale ambayo hawakuwa wamewaambia wa kwanza. Mwisho wakakubaliana waliyotaka yabadilike. Mgonjwa akichukuliwa, familia iambiwe anakokwenda na aliyemchukua ajitaje jina. Akifa, ndugu mmoja avalishwe magwanda na kufundishwa, aende na maiti yake mpaka kaburini. Dua isomwe, hata kwa mbali. Kaburi liwe la ukoo ikiwezekana, nalo liandikwe jina. Na sabuni, kama ipo mjini, inunuliwe mjini.

"Nitaandika," Fatorma alimwambia Baindu wakati wa kuagana. "Lakini siwezi kukuahidi kuwa yatafuatwa."

"Nani kakuomba ahadi? Andika, halafu rudi utusomee ulivyoandika. Kufuatwa, tutafuatilia wenyewe."

Alirudi kusoma, kweli. Tukasikia kutoka kwake kwamba mkubwa mmoja alikuwa ameyafuta mambo ya makaburi, akisema si ya kitabibu, naye akayarudisha, wakavutana, na hatimaye yakaingia kwenye mwongozo wa wilaya. Kazi ya tathmini iliyofuata alipewa mtu mwingine.

Ikapita miaka. Msimu mmoja wa vumbi, watu walipochoma vichaka ili walime, panya wakakimbilia majumbani na homa ya Lassa ikaja nao. Nyanda, mke wa Kinie, nyumba ya pili kutoka kwa Baindu, aliugua na kufia kwenye zahanati ya mji. Alikuwa bibi harusi wa juzijuzi. Mkono wake ulikuwa bado na rangi ya hina.

Timu ya maziko ilikuja kutoka wilayani, vijana ambao mwaka wa Ebola walikuwa shule. Kiongozi wao, Sorie Bangali, alifanya kazi haraka na kwa adabu, lakini ilikuwa kazi ileile. Nyanda akatiwa kwenye mfuko, mfuko ukatiwa garini, na Kinie alipouliza wanampeleka wapi akaambiwa asogee, ni kwa usalama wake.

Baindu aliweka chini ndoo yake, akatoka, akaketi katikati ya barabara mbele ya gari.

"Mama, tafadhali, ondoka," alisema Sorie. "Huu ni ugonjwa wa hatari."

"Naujua. Ndiyo maana nimekaa mbele ya gari, sikukaa nyuma. Unakwenda kumzika wapi?"

"Makaburi ya wilaya."

"Kinie anakwenda na nani?"

"Hairuhusiwi, mama."

"Inaruhusiwa. Imo kwenye mwongozo wenu. Mliandika wenyewe, na sisi tulisomewa hapohapo barazani."

"Mimi nimefundishwa kazi hii, mama, sijasikia kitu kama hicho."

"Basi piga simu uulize waliokufundisha walikuficha nini."

Sorie alipiga simu, lakini alipiga polisi. Walikuja watatu wakamnyanyua Baindu wakampandisha kwenye gari lao. Hakushindana nao wala hakupiga kelele. Alitengeneza kitambaa cha kichwa akaketi kama abiria aliyelipa. Gari la polisi lilipogeuka, Yatta alikuwa ameketi mahali pake. Nyuma ya Yatta wakaketi wapika sabuni wengine, na nyuma yao imamu na kanzu yake. Mke mwenzake wa zamani naye alikuwepo, amekunja mikono, anamtazama Sorie kama anayemsubiri akosee hesabu.

"Hawa nao niwaitie polisi?" Sorie alimuuliza Pa Vandi.

"Gari lao ni dogo," alisema chifu. "Piga ofisini, mwanangu."

Akapiga. Ofisini hawakujua. Akaomba waangalie. Alisubiri amesimama juani, simu sikioni, na watu wote wakimtazama mdomo. Mtu wa upande wa pili alipata mwongozo, akafungua, akasoma. Sorie alisikiliza, akauliza arudie. Kisha akashusha simu.

"Imo," alisema. "Yote imo. Hatukufundishwa."

Hakuna aliyeshangilia. Kinie alivalishwa magwanda, akaelekezwa taratibu jinsi ya kuvaa na jinsi ya kuvua, na glavu zilipomshinda Sorie akamvalisha mwenyewe. Nyanda alizikwa kwenye makaburi ya ukoo wa mumewe, nyuma ya shamba la kakao. Imamu alisoma dua akiwa ng'ambo ya kijito, kwa sauti ya kutosha. Hakuna aliyeugua kutokana na maziko hayo.

Baindu hakuyaona. Alikuwa kituo cha polisi, amepewa benchi na shtaka la kuzuia kazi ya serikali, mpaka Pa Vandi alipokwenda kumtoa jua likizama. Njiani aliuliza jambo moja tu.

"Wameandika jina?"

"Wameandika. Kinie aliandika mwenyewe."

Akageuza uso dirishani, na chifu akaona afadhali atazame barabara.

Tathmini ya homa ile ilifanyiwa Ngiyehun, barazani, tangu maswali hadi ripoti, kwa mara ya kwanza, wala hakuna aliyeitwa kwenda mji mkuu. Watu wa wilaya walitaka kumpa Baindu cheti chenye fremu. Alikataa, alisema kama wana fedha ya fremu, wanunue sabuni. Wakanunua, nyingi kidogo.

Sorie ndiye aliyepewa kusoma ripoti kabla haijapelekwa. Alisoma Kimende cha kujifunza, chenye lafudhi ya kaskazini, na watu wakamvumilia. Alisoma kwamba timu haikuwa imefundishwa mwongozo, na kwamba kosa hilo lilikuwa la ofisi. Alisoma kwamba familia ilishirikishwa. Akafunga karatasi.

Baindu akasimama.

"Umesoma vizuri, mwanangu. Umeruka polisi."

Sorie alimtazama mkubwa wake. Mkubwa alitazama viatu vyake. "Mama, lile lilikwisha, tulielewana."

"Halikwisha, mimi bado nina shtaka kituoni. Anayekuja baada yako akute ulichofanya. Andika kwamba ulimwitia polisi mwanamke aliyekuambia ukweli, kabla hujapiga simu ofisini. Halafu utusomee."

Sorie alichukua kalamu, akaegemeza karatasi kwenye goti, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasimama akaisoma sentensi yake kwa sauti, mara moja kwa Kiingereza na mara moja kwa Kimende, na Baindu akamsahihisha neno moja.