Pikipiki Yenye Pedali ya Cherehani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa majivuno wala kwa kuomba radhi, ndivyo nilivyo. Kibanda changu cha kutengeneza redio na chaja kimeegemea ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, pembeni ya Tunduma upande wa Mpemba, na jioni nikifunga kazi ninachohitaji ni kugeuka tu. Malori ya Zambia nayasikia yakinguruma barabarani usiku na mchana, na sijawahi kuyaonea wivu. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyenunua pikipiki ya kuzunguka dunia.

Ni ya Kijapani, cc 650, ya zamani, ndefu kama punda aliyepandishwa juu ya matofali. Ilifika mpakani na mzungu aliyekuwa akitoka kusini, ikamfia hapa, akaiacha na kuendelea na safari yake kwa basi. Ikapita mikono kadhaa, karatasi za forodha zikakamilika, ikaniangukia mimi. Watu wakadhani nimepatwa na wazimu wa safari. Hapana. Mimi niliona injini. Silinda moja tu! Pikipiki kubwa kiasi kile, ndani yake kuna pistoni moja, nene kama kopo la maziwa ya unga, inapanda na kushuka peke yake bila msaidizi. Nilitaka kujua inawezaje.

Basi nikaiingiza stoo nikaanza kuifungua. Kitu cha kwanza kujifunza kilikuwa kuiwasha, kwa sababu stata yake ilikufa kabla haijafika kwangu. Ina kiki, na kiki ya pistoni moja kubwa haipigwi kwa hasira. Unaikanyaga polepole mpaka uhisi pistoni imekwama juu, kama mtu aliyebana pumzi. Unavuta kijimkono cha kuilegeza, unaipitisha kidogo, unaachia, ndipo unashuka na uzito wako wote. Ukikosea, inakurudishia teke. Kuna siku ilinitupa juu ya gunia la mkaa. Mke wangu akachungulia kutoka jikoni, akauliza kama nimeshafika Nairobi.

Kilichonishika zaidi ni alama za yule mzungu. Nilimsoma kwenye vyuma. Alikuwa mrefu, maana alinyanyua usukani na kuongeza sponji ya kiti. Alikuwa mwoga wa mawe, maana chini ya injini alifunga bati nene kama sufuria ya msibani. Na mbele, chini ya taa, alikuwa ameunganisha kipande cha bomba chenye kifuniko, cha kuwekea vifaa. Humo nilikuta bisibisi, waya, na kipakiti cha majani ya chai. Bisibisi nilizielewa. Majani ya chai yalinisumbua sana. Mtu anakwenda kuona dunia, halafu karibu na spana anaweka chai?

Nami nikaanza kuigeuza iwe yangu. Nikapunguza sponji, kwa sababu miguu yangu ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto kwenye benchi la kanisa. Nikabadili sproketi ya mbele, nikaweka yenye meno machache, ipande vilima kwa nguvu. Vilima gani? Mke wangu aliuliza swali hilohilo, kwa sauti hiyohiyo unayoifikiria. Mpaka wakati huo pikipiki ilikuwa imefika kituo cha mafuta na kurudi. Vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani waliniita Mzee wa Safari, na kila nilipopita kwa miguu kwenda dukani walinihoji.

"Mzee wa Safari, Misri hawajambo?"

"Wanawasalimu," nilikuwa nawajibu, nikiwa na mkate mkononi.

Sasa, mke wangu ananunua mahindi huko Chitete na kuwauzia wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka. Msimu huu mahindi yalikuwa mengi, na stoo yetu ni moja. Akanijia kibandani, akasimama mbele ya redio niliyokuwa naifungua.

"Baba watoto, mahindi yanakuja. Stoo ile itakaa magunia au itakaa kabati lako."

"Kabati gani?"

"Lile linalokunywa petroli."

Hakuishia hapo. Mteja wake mmoja kutoka Nakonde alikuwa ameshaizunguka pikipiki yangu. "Mulishani mukwai," alinisalimu kwa Kibemba, akalipapasa tangi kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Hii nipe mimi, bosi. Kwangu itatembea." Neno hilo la mwisho lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Nikasema hata kwangu inaweza kutembea. Mke wangu akanitazama, akaona nafasi.

"Haya. Mama anataka kwenda Ikinga kwa mdogo wake. Mpeleke, kisha umrudishe. Ikienda na kurudi, nitatafuta pa kuweka mahindi yangu. Ikishindwa, Mzambia anaichukua."

Mama yangu tunaishi naye. Ni Mndali, aliolewa huku Mbozi kwa Wanyiha, na baba alipofariki akahamia kwetu na cherehani yake. Kwao Ikinga, huko Ileje, hakuwa amefika muda mrefu. Magoti yake na viti vya magari madogo havikuelewana. Alisikia masharti yale akiwa anachambua maharage uani, akasema bila kuinua kichwa:

"Mimi nitapanda. Lakini sikai kama mwanamume. Nakaa upande, na kitenge changu kinafika chini."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na nikiri nilifurahi kuliko nilivyopaswa. Mtu akikaa upande kwenye pikipiki, miguu inakwenda kushoto. Kwenye pikipiki ndogo za bodaboda, mguu mmoja unapata pa kukanyaga na mwingine unajitegemea. Kwenye hii yangu, miguu yote miwili ingeelea hewani kama viatu vya mtumba kwenye kamba. Nilitaka kujua hasa inatua wapi. Nikajifunga kitenge cha mke wangu, nikapanda nikakaa upande, nikawa napima kwa utepe. Jirani yetu akapita langoni, akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, bibi."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Jibu lilikuwa uani siku zote. Cherehani ya mama kichwa chake kilishakufa, na miguu yake ya chuma tuliifanya meza ya kuwekea ndoo za maji. Chini yake bado ilining'inia pedali, ile ya kukanyaga kwa miguu miwili, pana, yenye matundu na maua ya chuma. Nikaipima. Miguu ya mama ilikuwa imeikalia miaka mingi hata rangi imelika mahali pa visigino. Nikaibeba kwa fundi wa kuchomelea pale barabarani, pamoja na fremu ya ubavuni ambayo mzungu alibebea sanduku lake la mizigo la kushoto. Fundi akaigonga na nyundo, akasikiliza.

"Hiki ni chuma cha kusubu, cha kumimina, kaka. Nikikichoma kitapasuka, halafu utasema fundi mbaya."

"Sasa?"

"Sasa tunafunga kwa boliti, kwenye vishikio vyake vyenyewe. Lakini itakuwa inacheza. Mbele, nyuma, kama ilivyozaliwa." Akacheka. "Mzee wa Safari, unakwenda Misri au unakwenda kushona sare za shule?"

Nilipanga kuizuia isicheze kwa kipande cha ubao. Mama akapandishwa kwa kigoda, akakaa, akaweka miguu, akaitikisa pedali mara mbili tatu. Uso wake ukabadilika. "Weka mbali ubao wako," akasema. "Miguu ikikaa kimya inakufa ganzi."

Tukaondoka asubuhi yenye ubaridi. Mama alivaa kofia ngumu juu ya kilemba, maana kilemba hakukubali kukivua, na kichwa chake kikawa kama kibuyu kilichofunikwa sufuria. Kigoda nikakifunga nyuma, kwa sababu pasipo kigoda hakuna kushuka wala kupanda. Sanduku la kulia lilijaa vifaa vyangu vyote, hata ambavyo sivijui kazi yake. Kwa hiyo kifurushi cha zawadi, sukari na sabuni na kitenge kipya cha mama mdogo, nilikifunga mbele yangu juu ya tangi, nikakikaza barabara kwa mpira. Nilijiona nimefikiria kila kitu. Vijana wa kijiwe walisimama kutuaga. Safari hii habari za Misri hawakuuliza, na hilo lilinitisha zaidi.

Lami ya Mpemba kwenda Isongole ni nzuri. Injini ilitulia kwenye mdundo wake, du, du, du, kila mdundo unausikia peke yake, si kama zile pikipiki ndogo zinazolia kama nyuki. Baada ya muda nikahisi kitu kidogo kikitikisika nyuma, kwa mpangilio. Nikapunguza mwendo.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Nashona."

Alikuwa anakanyaga pedali, akifuata mdundo wa injini. Nilikaza macho mbele, lakini nilikuwa najiuliza: anafanya makusudi, au miguu imesikia kazi yake ya zamani ikaanza yenyewe? Mpaka leo sijui. Kila tulipopita kwenye nyumba, watoto walikimbilia barabarani. Wao hawakuwa na wasiwasi wowote juu ya kinachoisukuma ile pikipiki.

"Bibi anakanyaga! Bibi, ongeza! Kilima hicho, bibi!"

Na bibi akaongeza.

Lami ikaisha, ukaja udongo mwekundu na vilima vya Ileje, ambavyo ndivyo niliwekea sproketi yangu. Ilipanda vizuri, nikaanza hata kujipongeza moyoni. Katikati ya mlima mmoja mrefu ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Nikamshusha mama kwa kigoda, akakaa juu yake pembeni ya barabara. Nikapiga kiki kwa utaratibu wote ninaoujua. Ikawaka, ikaenda hatua chache, ikazima. Nikapiga tena mpaka jasho likaingia machoni. Nilikuwa naona kabisa mikono ya yule Mzambia juu ya tangi langu. Bodaboda moja ndogo ikatupita ikipanda, imebeba watu wawili, mkungu wa ndizi, na kuku.

"Mzee, mtambo umechoka?" dereva akapaza sauti. "Nikirudi nimchukue bibi?"

"Utamchukua!" nikamjibu, na moyo ukashuka. Akimchukua yeye, ya kwangu imeshindwa, na mambo yameisha.

"Baba yako naye alikuwa hivyohivyo," mama akasema pale kwenye kigoda. "Asubuhi ukimsukuma haamki."

"Mama, hii si baba."

"Sijasema ni baba. Nimesema ni wavivu wa aina moja. Hata maji ya chai hatuna."

Hapo nikayaelewa yale majani ya chai ya mzungu. Naye alishakaa pembeni ya barabara namna hii, mahali fulani, akisubiri chuma kibadili mawazo. Nikacheka peke yangu, hasira ikatoka, udadisi ukarudi. Nikakaa chini nikaiangalia kama ningeiangalia nikiwa stoo. Plagi inatoa cheche. Kabureta nikailegeza skrubu ya chini: kavu. Petroli haishuki. Na tangi lina petroli tele, nikilitikisa nalisikia. Petroli ipo na haishuki, kwa nini?

Nikafungua mpira, nikatoa kifurushi cha sukari, nikazungusha kifuniko cha tangi. Kikavuta pumzi: fyuuu! Ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Tangi linahitaji kupumua. Kwenye kifuniko kuna kitundu kidogo cha kuingizia hewa, ili petroli ikishuka, hewa ichukue nafasi yake. Nami, fundi mkubwa, nilikaza sukari na sabuni juu ya kitundu hicho tangu Mpemba. Injini ilikuwa inanyonya kwenye chupa iliyozibwa.

"Umepata?" mama akauliza.

"Zawadi ya mama mdogo ilikuwa inaikaba koo."

"Ndiyo maana nilisema nipakate mwenyewe."

Ni kweli alisema. Nilimwambia kwamba mzigo ni kazi ya fundi. Akapanda, akapakata kifurushi chake. Nikaipitisha pistoni juu polepole, nikaachia, nikashuka. Ikawaka kwa kiki moja. Tulipompita yule dereva wa bodaboda akishusha ndizi zake juu ya mlima, mama alikuwa anakanyaga kwa nguvu kuliko tangu tutoke nyumbani, na alimpungia mkono.

Mama mdogo alitoka nje akiwa na unga mikononi. Walishikana wakaanza Kindali chao, cha haraka, nami nikaambulia neno moja moja. Neno "cherehani" nililisikia mara nyingi. Majirani wakaja kuitazama pedali, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama bibi huwa anachoka sana kwenye vilima.

Asubuhi nikapasha injini, nikaweka kigoda tayari. Mama akatoka na kikombe cha chai, bila kofia.

"Mimi nabaki."

"Mama! Mke wangu alisema nikupeleke na nikurudishe!"

"Nilimsikia. Hakusema lini." Akanywa chai. "Nitarudi kahawa ikiisha kuchumwa. Mpaka hapo anauzaje pikipiki inayosubiriwa na abiria? Na mwambie mahindi ayaweke chumbani kwangu. Chumba kikavu kile."

Nilisimama na kigoda mkononi. Mama mdogo akakichukua, akakiingiza ndani, kana kwamba jambo limeshakwisha.

Nilirudi peke yangu. Bila mama, ilikuwa inavutia kulia, kwa sanduku langu la vifaa, na pedali ilikuwa ikicheza yenyewe kwenye mashimo, bila mpangilio. Njiani watoto walinitazama nikipita. Mmoja tu aliuliza anayekanyaga yuko wapi.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akatazama nyuma yangu, akatazama pedali.

"Umekwenda na mtu, umerudi na chuma."

Nikamweleza yote, mpaka habari ya sukari. Alicheka sana kwenye sukari. Nilipofika kwenye habari ya chumba, akaacha kucheka. Akaingia chumbani kwa mama, akafungua dirisha, akasimama katikati akipima kwa macho. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, na hata kapu lake la nyuzi hakuliacha. Nadhani sote wawili tuliona kwamba tangu nyumbani alijua atabaki.

"Kitanda hakitoki," mke wangu akasema. "Magunia yatazunguka kitanda."

Sasa yamezunguka kitanda, na stoo bado ni yangu. Kwenye kifuniko cha tangi nimeunganisha mpira mrefu wa hewa, unaotokea mbali kabisa na mzigo wowote. Boliti za pedali nimezikaza. Nimechonga na kigoda kingine, maana kile kimebaki Ikinga. Vijana wa kijiwe hawaulizi tena habari za Misri. Wanauliza fundi cherehani anarudi lini. Nawaambia kahawa ikiisha. Na jana, kabla sijaanza kazi, nilifungua lile bomba la chini ya taa, nikatia humo kipakiti cha majani ya chai.