Siku Niliyojifanya Ndege wa Mvua

Nisiwafiche, wenzangu, mimi niliwahi kuwatia majirani zangu katika njaa kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikumtukana mtu wala sikumloga mtu, nilipiga mluzi tu. Nacheka ninapoisimulia kwa sababu nikiacha kucheka nitashindwa kuimaliza.

Zilikuwa enzi za Mjerumani, nami kijana wa Kibakwe, kazi yangu kumchunia mzungu mmoja, tuliyempa jina la Bwana Manyoya, ndege aliokuwa akiwakusanya apeleke kwao Ulaya (yeye anapiga, mimi nachuna, najaza pamba, nafunga karatasi mguuni, na nikirudi nyumbani hakuna anayetaka kukaa karibu nami kwa harufu). Mwaka ule alikuwa akimtafuta ndege wa mvua, yule anayelia sauti tatu zinazoshuka, ambaye watu humsikia kila mwaka na wengi hawajamwona hata mara moja. Kila tulikopita aliuliza yale yale: huku kwenu anakuja lini, anakaa miti gani, anaondoka lini. Watu wa Nzuguni walimwambia kwenye mbuga zao za miiba hapiti ila kwa kupotea. Sisi wa milimani tukamwambia kwamba hutoka mbali, hufika mvua zikikaribia, hukaa juu kabisa kwenye miyombo na kwenye misitu ya makorongo yenye maji, na kiangazi kikiingia humsikii tena.

Tukamngoja siku nyingi, kimya. Jioni moja Bwana Manyoya akasema kesho tunafunga mizigo, tunakwenda Kondoa, huenda huko amekwisha kufika. Mimi sikuweza kuondoka, maana nilikuwa nimemposa binti aitwaye Nyemo, mshenga wangu ameahidiwa jibu siku ya nne kutoka jioni ile na mama wa binti, mjane, na kulikuwa na mposaji mwingine mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi. Nikiondoka wangesema kijana gani huyu anayeposa na kukimbia. Basi nikaamua jambo dogo tu (ndivyo nilivyoliona).

Alfajiri nikaaga kwamba naenda kutazama mitego, nikapanda mlima, nikaparamia myombo mrefu, nikapiga mluzi wa ndege wa mvua kama nilivyojifunza nikichunga mbuzi. Sauti tatu, napumzika, sauti tatu. Niliporudi kambini Bwana Manyoya alikuwa anaandika daftarini kwa furaha, na mizigo imefunguliwa. Nikajiona mjanja, mjanja kweli, mpaka nilipotazama bondeni.

Mashamba yote yalikuwa na watu. Nilisahau, jamani, au nilijisahaulisha, kwamba kwetu ndege yule akilia mara ya kwanza mtu hangoji wingu, anashika jembe. Mama Nyemo alikuwa ameinama anafukia uwele, kibuyu cha mbegu kiunoni, mbegu ile ile aliyoitundika juu ya moshi mwaka mzima na kukataa kuigusa hata watoto walipolala na uji mwepesi. Ningeweza kwenda nikasema mama, acha, aliyelia ni mimi. Nilipita njia ya nyuma. Na kesho yake nikapanda tena, kwa kuwa Bwana Manyoya alisema asipomsikia ataamini ndege alikuwa mpita njia, na siku ya tatu nikapanda tena (mwongo hapumziki).

Siku hiyo ya tatu ndipo nikasikia nyayo. Nikachungulia kati ya majani: Bwana Manyoya na bunduki yake, na nyuma yake nusu ya kijiji wamemfuata kumsihi asimuue ndege wao, na mbele ya wote mama Nyemo. Nikakata mluzi. Lakini nilipojisogeza nyuma ya shina tawi likatikisika, bunduki ikainuka pale pale nilipo. Mama Nyemo akaushika mtutu kwa mkono.

"Bwana, mbegu yangu yote iko ardhini kwa sauti ya huyu," akasema. "Ukimuua, wanangu nitawapa nini?"

Mzungu akamwamuru aachie. Hakuachia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila hata ardhi yenyewe ilikuwa mbali nami.

"Usipige, Bwana," nikasema. "Hakuna ndege. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza, kwani nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Bwana Manyoya akatoa daftari akaanza kufuta mistari yake ya siku tatu, kalamu inachana karatasi. Mama Nyemo (na mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hata kabla ya ndoa) akajifunika kaniki, akageuka upande.

"Shuka, baba," akasema. "Utaanguka."

Heri angenitukana.

Kazi iliisha saa ile ile. Mvua haikunyesha wiki ile wala iliyofuata, kanga na sisimizi wakamaliza mbegu zote. Nikavuka mlima kwenda kwa wajomba zangu, nikaomba mbegu nyumba kwa nyumba, na kila mlango waliuliza za kwenu zimekwenda wapi, nami kila mlango nikaeleza. Nikarudi na kapu kichwani, nikaligawa kwa waliopoteza, fungu la mama Nyemo nikaliweka mlangoni kwake bila kubisha hodi.

Asubuhi moja nimelala nikasikia sauti tatu mlimani. Safari hii alikuwa ndege mwenyewe. Nikatoka mbio, nikakuta majirani wamesimama uani kwangu na majembe, hakuna aliyekwenda shambani, na mama Nyemo mbele yao, uso wazi, ananitazama mdomo. Ndege akalia tena. Mama hakubandua macho. Alipolia mara ya tatu na midomo yangu haijatikisika, ndipo akawaambia wenzake twendeni.

Nyemo walinipa, mwaka uliofuata. Lakini mpaka mama mkwe wangu anafariki, kila mvua zilipokaribia alipita kwangu kwanza kabla ya kushika jembe, nami nilimngoja nje, nimeibana midomo kwa vidole viwili, ili nisimpe taabu ya kunichungulia.