Msitu Uliokuwa Ndani ya Barua

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa na daftari la maneno. Lilikuwa jembamba, lenye jalada la buluu, nami nililiviringishia kipande cha kanga kuukuu ya mama ili jasho la mkono lisifute wino. Kila ukurasa niliugawa kwa mstari mmoja wa penseli: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Mwalimu wetu alitupa maneno kumi kila siku, na kesho yake tulisimama mmoja mmoja kuyasema bila kutazama. Aliyekosa alibaki amesimama mpaka akumbuke. Mimi sikuwahi kubaki.

Shule ilikuwa ya misheni, upande wa Ibadakuli, mwendo mrefu kutoka kwetu, na wasichana darasani tulikuwa watatu. Asubuhi nilipita katikati ya mashamba ya pamba nikiyasema maneno yangu kwa sauti. Miezi ya mvua ukungu ulilala chini sana, ng'ombe wakaonekana migongo tu, kama wanaogelea. Nilimpa kila ng'ombe jina lake la Kizungu, na ndege, na umande, na nyayo zangu. Niliamini kila kitu duniani kina jina la pili lililofichwa mahali, na kwamba nikishayakusanya yote nitafungua macho siku moja nijikute katika nchi nyingine, bila kuondoka kwetu.

Baba alikuwa Geita, mgodini. Aliondoka baada ya ukame uliomaliza ng'ombe wetu wengi, akaandikishwa kazi ya chini ya ardhi. Akija likizo aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba na kuniita: "Haya, nisomee." Hakujua hata neno moja la Kiingereza, lakini alifumba macho niliposoma, kama mtu anayesikiliza mvua juu ya nyasi za paa.

"Tamu," alikuwa akisema. "Sijui ni nini, lakini tamu."

Barua ilikuja shule zikiwa zimefungwa, wakati wa palizi. Mama alikwenda kununua chumvi kwenye duka la Mhindi la barabarani, ambako barua za kijiji kizima zilipokelewa, akarudi ameishika kwa vidole viwili. Mama, kama Wasukuma wengi wa rika lake, hakuwa na "r" kinywani.

"Balua," alisema. "Ya kutoka mgodini. Lakini huu siyo mwandiko wa yule karani anayemwandikia baba yako. Soma."

Ilikuwa ya Kiingereza tangu juu mpaka chini, imeandikwa na nesi wa hospitali ya mgodi, na ilikuwa yangu mimi. Niliipitishia macho haraka. Hakuna neno lililonishinda. Yote nilikuwa nayo, kila moja na mahali pake katika daftari. Nakumbuka jinsi nilivyojisikia mkubwa.

"Inasema baba amekuwa mgonjwa sana," nilisoma.

Mama akakaa chini palepale, chumvi mapajani.

"Inasema alikuwa kwenye mlango wa kifo."

"Huko ni wapi?"

"Haisemi, mayu," nilimjibu mama.

Alifikiri. Baba alishatuambia kwamba mashimo ya mgodi yana namba na majina. "Litakuwa shimo," alisema mama. "Wamemhamishia kwenye shimo baya. Sasa yuko wapi?"

Hapo nilisita kidogo, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa "woods". Lile la umoja nililijua kuwa ni ubao, nami nikawaza magogo yanayoshikilia paa la mgodi. Lakini nilikumbuka mwalimu alitueleza kwamba likiongezwa herufi ile ya mwisho huwa msitu. Nilifurahi kwa kukumbuka. Nilikuwa mwanafunzi mzuri.

"Sasa yuko nje ya msitu," nilisema.

"Msituni alikwenda kufanya nini?"

"Haisemi. Inasema ametoka."

Kuku alikuja akadonoa ncha ya kanga ya mama, naye hakumfukuza. "Katoloka," alisema hatimaye, polepole. "Kaumwa, kaliogopa lile shimo, kakimbilia msituni. Sasa ametoka, wamempata. Maskini, kwa miguu mitupu." Kisha akauliza, "Mwisho inasemaje?"

"Inasema niweke kidevu changu juu."

"Kidevu? Kwa nini?"

"Haisemi."

"Nesi ndiye kasema?"

"Ndiyo."

"Basi ni dawa. Kiweke."

Nilikiweka. Nilitwanga mahindi kidevu kikiwa juu, nilichota maji kidevu kikiwa juu, na kwa sababu sikuona njia niligonga vidole kwenye visiki mpaka ukucha mmoja ukatoka. Mama aliwaamuru na wadogo zangu wawili wainue videvu, endapo ugonjwa wenyewe ni wa kuambukiza. Wapita njia walituona tumesimama uani tunatazama mawingu, nao wakatazama juu pia.

Siku zile niliishi na ule msitu. Nilikuwa na jembe mkononi, jua kali, pamba pande zote, na papo hapo nilikuwa ndani ya miti. Nilimwona baba akipita kati ya mashina meusi, amevaa nguo zake za kazi, taa ya mgodini kichwani ingali inawaka ingawa ni mchana. Mbung'o walimzunguka bila kumgusa. Nilimwita kwa Kisukuma, hakugeuka; nilimwita kwa Kiingereza, akafumba macho na kutabasamu, akaendelea kutembea. Mama akinigusa bega nilishtuka kuona kwamba nimepalilia mstari mzima bila kujua.

Siku ya nne mama alisema, "Tunakwenda."

Wadogo zangu aliwaacha kwa bibi. Alifunga michembe, vile viazi vilivyokaushwa, ya kutosha safari, kibuyu cha samli, na jozi mpya ya viatu vya matairi alivyomwagizia fundi wa njia panda. "Mtu aliyetoka msituni," alisema, "hana viatu." Tulipanda treni mpaka Mwanza, na asubuhi iliyofuata tukavuka ziwa.

Sikuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Hayakuwa na upande wa pili. Mawe makubwa yalikuwa yamekaa ndani ya maji kama wazee wanaooga, na ukungu ulifanya anga na ziwa kuwa kitu kimoja, hata sikujua kama tunakwenda mbele au tunashuka. Nilitafuta kichwani neno la Kiingereza la hali ile na sikulipata. Nilikuwa na neno la maji, neno la ukungu, neno la jiwe. Hakuna hata moja lililotosha. Mama alinishika mkono muda wote wa kuvuka, akinong'ona na Mungu wake.

Ng'ambo tulipata lori lililobeba mahindi ya mgodini. Barabara ilipanda vilima, na miti ikaanza kusogea, minene na mirefu, mpaka ikafunika njia. Mama alinibana kwa kiwiko.

"Ndiyo huu," alisema. Tuliutazama mpaka ukaisha.

Baba tulimkuta wodini, kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, lakini aliponiona aliinuka akaketi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmefikaje huku?"

Mama alikwenda moja kwa moja mwisho wa kitanda, akafunua blanketi, akaishika miguu ya baba mmoja mmoja, akaigeuza nyayo juu na kuzichunguza.

"Miiba iko wapi?" aliuliza.

"Miiba gani?"

"Ya msituni."

"Msitu gani?" Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nimelala kitanda hiki wiki tatu. Nilipatwa na kichomi."

Mama alitoa viatu kwenye furushi akaviweka juu ya blanketi, kama mtu anayetoa ushahidi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha mazungumzo yao.

"Barua uliwasomeaje?" baba aliniuliza kwa upole.

Niliitoa kifuani nikaisoma tena, kwa Kiingereza kwanza kisha kwa Kiswahili, mlango wa kifo, msitu, kidevu. Nesi alikuwa amekuja na kusimama nyuma yangu, mwanamke wa Kizungu wa makamo, mwenye mikono mikubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kilitosha. Niliposema "kidevu" aliweka mkono kinywani. Nilidhani atacheka. Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo nadhani halikuruhusiwa.

"Kosa langu," alisema. "Mimi naandika kama naandika kwa dada yangu. Mlango wa kifo, maana yake karibu kufa. Msitu ni hatari. Mtu anatembea katika miti, giza, hajui njia. Akitoka anaona mwanga, hatari imekwisha. Kidevu ni kusema jipe moyo."

"Jipe moyo," alirudia mama. Aligusa kidevu chake mwenyewe, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha.

Nilimuuliza baba kwa nini hakumwagiza karani aandike kwa Kiswahili kama siku zote.

"Karani alikuwepo," alisema. "Ni mimi niliyekataa. Nilimwambia huyu nesi, andika kwa Kiingereza, binti yangu anasoma." Aliwatazama wenzake wa vitanda vya jirani, na nikajua kwamba walikuwa wameshasikia habari zangu mara nyingi.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba alinivuta karibu, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma, ili nesi asielewe. Alisema siku za homa kali alikuwa akiona miti. Hakuona wodi, hakuona ukuta, aliona miti tu, na mahali fulani mtu alikuwa akikata kuni, kah, kah, naye alijikokota kuifuata ile sauti. "Sikumwambia mtu," alisema. "Sijui huyu nesi alijuaje kuandika."

Nilimtazama nesi, ambaye alikuwa akimfundisha mama jinsi ya kumkanda baba mgongo. Nilikuja kujua baadaye kwamba hakujua lolote, kwamba Waingereza wote husema hivyo wakiwa na mgonjwa anayepona. Lakini mchana ule, mwanga wa dirishani ukiwa umelala juu ya shuka, niliona kwamba kuna maneno ambayo hayakai kushoto wala kulia kwa mstari wangu wa penseli. Yanatembea.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nisimulie darasa zima. Walicheka sana kwenye kidevu. Mwalimu aliwaacha wacheke, kisha akamnyooshea kidole mvulana aliyekuwa akicheka kuliko wote.

"Wewe umeshawahi kuona njaa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ilikuwa imevaa nini?"

Mvulana akajikuna kichwa.

"Na mtu akifa moyo, tunamchimbia kaburi la ukubwa gani?" Alitembea kati ya madawati. "Kila siku mnasema hivi na hakuna anayeshangaa. Waingereza nao wana misemo yao."

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, tutajuaje neno liko palepale au limetembea?"

"Tazama majirani zake," alisema. "Barua ya hospitali, msitu unatafuta nini humo? Ukiona neno limekaa mahali ambapo halina kazi, usilipite mbio. Jiulize aliyeandika alikuwa anaona nini."

Jioni hiyo nilichora mstari wa pili katika kila ukurasa wa daftari langu. Safu mpya ilikaa tupu kwa sehemu kubwa, na nilipenda kuitazama hivyo.

Baba alipopata nafuu kamili nilitaka kumwandikia nesi asante. Niliandika rasimu nikampelekea mwalimu. Alisoma huku kalamu ikishuka mstari kwa mstari, ikasimama mahali nilipoandika kwa Kiingereza kwamba mioyo yetu sasa imepoa.

"Hapa nesi atapata kazi kuelewa," alisema. "Kwao moyo wa baridi ni moyo usio na upendo. Atadhani mmemchukia."

"Nifute?"

Alikuna ndevu. "Unataka kusema nini hasa?"

"Kwamba imepoa. Ilikuwa inaungua, sasa imepoa."

"Basi acha. Lakini mwongoze kidogo."

Nikaongeza mstari mmoja: kwetu jua ni kali, na kitu kilichopoa ndicho kilichopona.

Miezi mingi ilipita. Jibu lilipokuja nilikuwa darasa la saba. Niliifungua barua palepale nje ya duka, chini ya baraza, mama akinitazama midomo. Nesi aliandika kwamba mkataba wake umekwisha, kwamba anarudi kwao kwa meli, na kwamba mama yake mzazi, ambaye alitumaini kumkuta, alifariki wiki chache kabla ya safari. Chini kabisa, kabla ya jina lake, aliandika: moyo wangu bado haujapoa.

"Inasemaje?" mama aliuliza.

Nilimsomea neno kwa neno, jinsi lilivyoandikwa, bila kuongeza kitu. Mama alifunga macho. Kisha akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akaitia kifuani mwake, tukaanza kurudi nyumbani.