Mawe ya Afande na Neno Nililomwambia Mpishi

Admin, jina langu lifiche. La mke wangu pia. Humu nitamwita Letaru. La Afande silitaji, si kwa kumheshimu, ila sioni sababu ya kumpandisha cheo tena.

Nina miaka sabini na minne, naishi Awindiri, Arua, na haya nayaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi wa jenereta nyumbani kwa mkubwa mmoja wa jeshi huko Koboko, ndiye huyo Afande. Alipelekwa kozi ng'ambo, akarudi bila alichofundishwa lakini na sanduku la kioo refu kama jeneza, magunia ya chumvi ya bahari, mawe ya matumbawe na kijitabu. Aliwaona wakubwa wa huko wanafuga samaki wa bahari sebuleni, naye akataka. Koboko, ambako bahari tuliisikia redioni tu.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini Kiingereza nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, kwa hiyo kijitabu nikapewa mimi. Kilisema maji mapya, yawe meupe namna gani, ni kaburi la samaki. Samaki anajisaidia humo humo, na uchafu wake ni sumu. Wapo wadudu wasioonekana kwa macho wanaoila sumu hiyo, nao hukaa kwenye mawe. Unatia kipande cha samaki aliyekufa, unakiacha kioze ili wadudu wapate chakula wazaane, unangoja mwezi na zaidi, unapima kwa matone ya dawa mpaka rangi ya sumu ipotee. Ndipo ulete samaki wako.

Nikatia kipande. Sebule ikanuka. Wageni wakaniita Mlisha Maji. Afande akaniuliza mbele yao, "Fundi, hiyo maji unapika? Itaiva lini?" Wakacheka mpaka vifungo vya mashati vikalia. Nikasema bado wiki tatu. Akasema askari hangoji wadudu. Alizoea kuamuru watu, akadhani hata kuoza kunapokea amri.

Siku chache baadaye akatangaza kwamba samaki kumi na wawili wanakuja kwa ndege mpaka Arua siku ya Ijumaa, na Jumapili kuna karamu. Alhamisi mkewe, Madam, akakagua sebule kama kambi, akaziba pua, akamwamuru mpishi amwage maji yale, asugue mawe kwa sabuni, atie maji mapya na chumvi mpya. Mpishi ndiye Letaru, msichana wa Lobule.

Letaru hakuwa mjinga. Alinifuata kwenye jenereta, ndoo mkononi. "Fundi, Madam anasema nioshe ile mawe. Ile wadudu yako haitakufa?"

Katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake aliyekuwa amenisikiliza. Nami, nimechoshwa na kuchekwa kwao, nikamjibu, "Osha, dada. Wanataka maji safi, wape."

Nilitaka waaibike. Hilo ndilo ninaloungama.

Jumapili Afande alitembea mbele ya kioo kama aliyeumba bahari. Kabla pilau haijaisha samaki walikuwa juu, midomo nje, wanatweta. "Iko nasalimia wageni," akaeleza. Jumatatu asubuhi wote kumi na wawili walielea.

Tukapangwa mstari. Nani aligusa maji? Madam akasema mpishi aliosha mawe na hakusuuza sabuni. Nani aliyeamuru, hakusema. Afande akamwambia Letaru aondoke kabla hajamaliza kuhesabu kumi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nilitazama viatu vyangu.

Mwaka uliofuata nilimfuata Lobule, nikamwoa. Watu wakanisifu kwamba fundi ana moyo, ameoa binti aliyefukuzwa kwa aibu. Sifa nikazipokea. Vita vilipofika Afande alikimbilia Sudan, akaacha kioo chake, kuku wakatagia humo. Ndiyo kazi pekee ambayo kioo kile kiliifanya vizuri.

Lakini Letaru mpaka leo anasuuza kila sahani mara nne. Mtoto akiumwa tumbo, anauliza kama kikombe kilikuwa na povu. Wiki iliyopita mjukuu alimletea samaki mmoja mwekundu kwenye bakuli. Bibi akarudi nyuma hadi ukutani, akaficha mikono ndani ya kitenge. "Usinipe mimi. Mimi niliua kumi na mbili. Sikusuuza vizuri." Kisha akacheka kidogo. "Uliza Mzee. Yeye iko shahidi."

Nikaitikia kwa kichwa.

Hata angeyasuuza mawe yale kwa mto mzima, samaki wangekufa tu. Nikimwambia hivyo, itabidi nimwambie pia kwamba aliniuliza, nami nilijua. Nitamwondolea mzigo, na huenda nikamwondolea na mume. Au ninyamaze, afe anasuuza? Nishaurini, ninyi mnaosoma, wala msiuonee huruma umri wangu. Sasa hivi nasikia maji jikoni. Sahani ni moja, na hii ni mara ya tatu.